Chuma cha Reli Kiko Jikoni Kwangu

Nyuma ya Stesheni,
Itigi,
Singida.

4 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Leonidas,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako niliipokea, na marahaba yake ichukue humu humu kwenye karatasi, maana kwenye simu kila nikifika kwenye marahaba mtandao unakata. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Uliandika kwamba mvua za huko India zikianza nguo hazikauki wiki nzima. Basi usivae nguo mbichi hata kama unachelewa darasani. Na ile pilipili yao, Leo wangu, usishindane nao. Wao wamezaliwa nayo, wewe umezaliwa na mlenda.

Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya Mungu. Lile jino langu limeng'olewa, sasa natafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Shemeji yako Gasto ni mzima, isipokuwa goti, na goti lenyewe nitakueleza mbele lilivyozidi. Mvua bado. Joto la Itigi unalijua, kuku wanatembea midomo wazi. Asali mwaka huu siyo mbaya. Nakutumia chupa kwa mkono wa Abdulhamidi, yule kijana wa Singida mjini unayesoma naye, ndiye anayekuletea na barua hii. Nimeifunga kwa nailoni mpaka imekuwa kama mtoto wa baridi. Ukikuta imevuja usimlaumu yeye, laumu kifuniko.

Kaa chini sasa, maana hii ni ndefu. Nimechoka, mdogo wangu, na mtu wa kumwambia nimechoka hapa hakuna, wote wako kwenye mpira.

Barua yako ya kriketi niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea Gasto, nikitumaini itamwingia. Ulivyoeleza kwamba timu yao iliposhinda watu walijaa barabarani mpaka mabasi yakalala njiani, na wachezaji wakapitishwa juu ya gari wakimwagiwa maua, na wiki ile ile yule binti jirani yako akarudi kutoka mashindano ya kutupa mkuki na medali yake, akashuka kwenye bajaji peke yake na begi lake mwenyewe, hata mlinzi wa geti hakujua. Nilisikitika sana. Gasto yeye alichouliza ni kama kweli mchezo mmoja wa kriketi unaweza kuchezwa siku tano. Nikamwambia ndivyo alivyoandika. Akasema hao watu wamebarikiwa. Mimi najiuliza mahindi yanapaliliwa saa ngapi. Na ile fimbo yenyewe, kwa picha uliyotuma, mbona ni mwiko wa kusongea ugali wa msibani?

Lakini usiwacheke Wahindi. Ndiyo nilitaka kukuambia. Wao wana kriketi, sisi tuna Simba na Yanga, na mgonjwa ni yule yule, kabadilisha shuka tu.

Mwezi wa nane tulimzika yule mzee mchonga mizinga wa kule Majengo. Unajua kwetu mtu anazikwa saa kumi jua likipoa, ndugu wa mbali wawe wamefika. Safari hii wanaume walikaa kikao, wakasema azikwe saa sita. Saa sita ya Itigi, Leo. Sababu waliyotoa ni joto, eti marehemu asiharibike. Sababu yenyewe ilionekana shingoni mwa wachimba kaburi, maana chini ya mashati kila mmoja alikuwa na jezi. Katekista alisoma kama anayefukuzwa. Waliobeba jeneza walikuwa wanatembea kama watu waliosikia treni imeshaingia. Binti wa marehemu aliyetoka Misigiri alifika akakuta udongo umeshashindiliwa, na wanaume hakuna hata mmoja wa kumpa pole. Nikampa mimi, nikadanganya kwamba wamekwenda kuoga.

Tena kile kipande cha reli. Unakikumbuka, kile kinachoning'inia pale ofisi ya kijiji, tunachogonga kukiwa na msiba, au moto, au tembo wametoka porini wameingia mashambani. Ulipokuwa mdogo ukikisikia ulikuwa unakimbilia kanga yangu. Basi siku hizi wanakigonga likiingia goli. Ndiyo. Vijana wa banda la video la kule stesheni ndio walioanza. King'amuzi chao kina haraka, kinaonyesha goli kabla ya kile cha Mazengo, mwenye banda la sokoni. Kwa hiyo wa stesheni wakishaona goli wanatuma mmoja akagonge reli, ili wale wa sokoni wajue wamepitwa. Na wale wa sokoni nao wakisikia chuma wanaanza kushangilia kabla hawajaona kitu, halafu wanatulia wanasubiri goli lifike. Watu wazima wenye watoto. Tulilalamika kina mama, mwenyekiti akasema ni furaha ya vijana, tusiwe na roho ngumu.

Sasa nije kwa Loyce, maana najua ndiye unayemtafuta kwenye barua hii na umeona sijamtaja. Mpwa wako ni mzima. Lakini kuna sababu hakukujibu, na sikutaka uisikie kwa mtu mwingine.

Mwezi wa saba shule yao ilikwenda kwenye mashindano ya sekondari. Wavulana wa mpira, na wasichana wachache wa mbio akiwemo yeye. Wale wa mpira walifungwa kila mechi. Loyce alikimbia zile mita elfu tatu akawa wa kwanza, wa kwanza wa wote, akavalishwa medali ya dhahabu. Vile viatu ulivyomtumia alivivaa, ni vikubwa kidogo, mbele ameweka kipande cha sponji. Alinipigia simu akilia kwa furaha na mimi nikalia, nikaacha maharage yakaungua.

Siku ya kurudi nilikwenda stesheni. Nikakuta umati, ngoma, matawi, mbuzi kafungwa kwenye nguzo anasubiri kuchinjwa. Moyo wangu ukasema, kumbe wamesikia. Treni ikasimama, wakashuka wale wavulana, wakabebwa mabegani. Wamefungwa kila mechi, Leo, lakini wamebebwa. Loyce alishuka wa mwisho, behewa la nyuma kabisa, amebeba ule wavu wa mipira yao. Medali alikuwa ameiingiza ndani ya blauzi, sijui kwa aibu au kwa kuogopa vumbi. Mazengo akampita, akamtazama na ule wavu, akamuuliza, "Wewe ndiye ulikuwa mpishi wao?"

Loyce akajibu, "Ndiyo."

Nilikuwa karibu, nilisikia kwa masikio yangu. Alisema ndiyo, akatua ule wavu chini, akaniambia mama twende nyumbani.

Medali tuliitundika sebuleni. Msumari ulikuwa mmoja, ule wa kalenda ya timu ya baba yake, nikaitundika juu ya kalenda. Kesho yake Gasto alifunua mwezi aangalie ratiba ya mechi, akairudisha kalenda, na medali ikabaki nyuma. Hakukusudia. Ndicho kinachonichosha, kwamba hakukusudia. Mtu akikudharau makusudi unajua pa kuanzia kugombana.

Tangu hapo Loyce akaacha. Viatu vyako akavitundika jikoni kwa kamba, juu ya mafiga, vikaanza kuingia moshi. Mwezi wa tisa mwalimu Agnes, anayemfundisha mbio, alikuja hapa amevuka jua lote kwa baiskeli kuniambia Loyce amechaguliwa kwenda Mwanza, mashindano ya taifa ya vijana. Loyce alimsikiliza kwa heshima, akamletea maji, akasema haendi. Mwalimu alipoondoka nikamgombeza, nikamwambia bahati haipigi hodi kila siku. Akaniambia taratibu, "Mama, mimi nikikimbia, nani anajua kama nimefika?"

Mimi niliishia darasa la nne, maneno ya kumgeuza mtoto mwenye akili kama yule sina. Nikasema nitamwandikia mjomba wake, yeye atajua la kumwambia. Nikawa natafuta siku ya kukaa niandike. Basi ndipo ikafika ile Jumamosi.

Jumamosi ile walikuwa wanacheza watani wenyewe kwa wenyewe, wewe unajua nchi inakuwaje. Kuanzia asubuhi hakuna mwanaume aliyeshika jembe. Jioni mji ukawa mtupu kama umepigwa na kipindupindu, wote wako mabandani, Gasto yuko kwa Mazengo kiti cha mbele. Upepo ulikuwa mkali. Kule mwisho karibu na vichaka anakokaa Bibi Dorkas, yule mjane aliyekuwa anakupa ubuyu, cheche ikaruka kutoka mafigani ikashika paa la jiko lake. Nyasi kavu za mwezi wa kumi, hazihitaji kubembelezwa.

Febronia jirani yangu ndiye aliyeona moshi. Akakimbia ofisini, akachukua chuma, akagonga reli. Wale wa stesheni, ambao goli hawakuliona, wakadhani ni wa sokoni wanalipiza utani. Na kule sokoni wakaripuka kwa shangwe. Febronia akafikiri wamesikia, wanakuja, akazidi kugonga kuwaharakisha. Wao wakafikiri ni goli la pili. Yeye anagonga, wao wanashangilia. Anazidi kugonga, wanazidi kushangilia. Mpaka akakaa chini akalia, na chuma mkononi.

Sisi kina mama tulikuwa tumeshafika kwa Bibi Dorkas. Bomba lilikuwa kavu tangu juzi yake, tunarusha mchanga kwa sufuria na masinia. Jiko lilikuwa limekwisha, moto unaangalia nyumba, na nyuma ya nyumba ni kihenge chake cha mtama. Nikamwambia Loyce, nenda kawaite wanaume. Akaenda na kandambili, njiani akazivua.

Aliingia kwa Mazengo akasema moto, moto kwa Bibi Dorkas. Mle ndani kulikuwa kimya kabisa, wanasubiri yale magoli yao mawili yafike kwenye televisheni. Mmoja akamwambia, "Kaa pembeni binti, goli linakuja." Akasema tena moto. Wakamwambia nyamaza. Akasema mara ya tatu, Gasto yuko pale pale mbele, hakugeuza shingo, alisikia sauti ya msichana tu, siyo ya mwanawe.

Basi Loyce akatoka nje kwenye jenereta, akashika waya, akauchomoa.

Mdogo wangu, nasikia kwanza hawakuelewa. Halafu wakatoka wote kama nyuki waliopigwa jiwe. Na yeye amesimama pale mbele, waya mkononi, anawaangalia. Akautupa chini akaanza kukimbia. Na wao nyuma yake, matusi, fimbo, kiti cha plastiki, na yule winga wao wanayemsifia kwamba hashikiki naye yumo, na mbele ya wote nani? Gasto, stuli juu, goti limesahauliwa, anamkimbiza mwanawe mwenyewe bila kujua.

Hawakumpata. Yule winga alishika ubavu wake pale kwenye mnazi mmoja wa misheni akabaki ameinama. Lakini Loyce hakuwaacha. Nilimuuliza baadaye, mbona walifika wote, tena kwa pamoja? Akaniambia, "Ningekaza wangerudi, mama. Ilibidi wauone mgongo wangu." Alikuwa anapunguza wakichoka, anaongeza wakikaribia, kama mtu anayevuta mbuzi kwa chumvi, mpaka akawafikisha.

Walipokata ile kona wakaona moto, ile hasira yote ikakosa pa kwenda, ikaenda kwenye moto. Walifanya kazi, siwezi kusema uongo. Walikata matawi, walipanda juu ya nyumba, wakafukia mpaka ukafa. Jiko limekwenda, nyumba imebaki, mtama umebaki. Bibi Dorkas alikuwa amekaa kwenye kinu, kuku wake amempakata, akawaangalia wanaume wote wale na majezi yao akauliza, "Mmekuja wote? Amekufa nani?"

Gasto alikuwa bado na ile stuli. Aliishusha polepole, akamwangalia Loyce aliyekuwa amesimama kati yetu kina mama anahema, miguu inatoka damu. Akamwekea ile stuli akae.

Ungefikiri yameisha hapo. Majivu ya jiko la Bibi Dorkas hayajapoa, nikasikia mmoja anamuuliza mwenzake sasa nani kashinda. Mimi mpaka leo sijui nani alishinda, na ole wake atakayeniambia.

Jumatatu kukawa na baraza. Ajenda ya kwanza nilidhani itakuwa kumjengea bibi wa watu jiko. Kumbe ya kwanza ni Mazengo, anataka Loyce aombe radhi mbele ya watu kwa kuchomoa waya. Wengine wakamuunga mkono. Mwenyekiti akawatuliza, akasema tusamehe, mtoto aliokoa nyumba, tena akasema kwa kumsifia, kwamba kwa mbio zile angekuwa mvulana tungempeleka akacheze winga. Watu wakacheka wakapiga makofi. Walifikiri wamemheshimu.

Wewe unanijua, mimi kwenye baraza huwa sisemi. Naogopa kukosea maneno. Lakini nilisimama. Nikasema, "Mwenyekiti, mwanangu siyo winga. Ni mkimbiaji. Ana medali ya dhahabu tangu mwezi wa saba, iko kwangu nyuma ya kalenda."

Mmoja akauliza medali ya nini. Mwingine akauliza alishinda lini. Halafu wote wakamgeukia Gasto, na Gasto akaangalia viatu vyake. Nilimhurumia, haki ya Mungu, lakini sikukaa chini mpaka nilipomaliza. Nikasema mtu hakuomba kubebwa, mliomuuliza kama ni mpishi mnajijua. Mazengo akakohoa. Radhi ya waya haikutajwa tena.

Wakati wanaume wanaendelea kubishana jiko lijengwe lini, Febronia aliinuka taratibu, akaenda pale kwenye reli, akachukua kile chuma cha kugongea, akakifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, akaondoka nacho. Kina mama tukakubaliana kikae jikoni kwangu, kwa sababu ndiyo nyumba iliyo karibu na ofisi. Mwenye msiba, mwenye moto, mwenye tembo aje, mlango hauna kufuli. Mwenye goli asije. Mechi iliyofuata walikuja vijana wawili, shikamoo mama, shikamoo mama, wanazunguka maneno. Nikawaambia kiko nyuma ya pipa la maji, kichukueni mkanieleze ni nyumba ya nani inaungua. Wakaondoka.

Na Loyce? Hakuniambia kitu. Mimi nilikuwa bado natafuta karatasi nikuandikie umsihi. Asubuhi moja, siku chache baada ya baraza, naingia jikoni kuwasha moto nikaona kamba inaning'inia juu ya mafiga haina kitu. Nikatoka nje. Nyayo za viatu vyako zilikuwa kwenye mchanga, zinaelekea njia ya kando ya reli, zimekanyaga kwa nafasi kubwa kubwa. Nikarudi nikapika uji mwingi kuliko kawaida, nikajifanya sijaona. Alirudi amelowa jasho, akanywa wote, na yeye akajifanya.

Alhamisi iliyopita ndiyo wameondoka kwenda Mwanza, yeye na mwalimu Agnes, kwa treni. Nimekushikilia mpaka hapa kwa sababu ya siku hiyo.

Treni ilikuwa ipite alfajiri, ikachelewa kama ada yake, jua likapanda. Pale stesheni tulikuwa mimi, baba yake, mwalimu, na mama muuza karanga. Basi. Gasto alikuwa amevaa shati lake la kanisani na amebeba begi, halitui chini. Habari za safari zilikuwa zimetangazwa misa ya pili na mwenyekiti alijua. Watu wanapita, wanasalimia, wanauliza mnakwenda Tabora kumwona mgonjwa? Loyce hakuwa amenuna. Ndicho kilichoniuma. Alikuwa ametulia kama mtu aliyezoea.

Treni ikapiga honi mbali upande wa Manyoni. Nikawaambia nakuja. Nikakimbia nyumbani, nikachukua kile chuma nyuma ya pipa, nikaenda ofisini nikaigonga ile reli. Niliigonga mpaka mikono ikafa ganzi.

Walitoka. Ah, mdogo wangu, safari hii walitoka. Kwa sababu siyo ya goli tena, wanajua. Wametoka na ndoo, na majembe, na matawi, Mazengo ana debe la mchanga begani, kina mama na masufuria, mwenyekiti na kiatu kimoja. Wananiuliza wapi, wapi. Nikawaambia nifuateni, nikaanza kukimbia kuelekea stesheni, mimi na unene huu, na wao wote nyuma yangu. Nikasema kumbe ndivyo alivyojisikia.

Tukaingia stesheni na treni inaingia. Mazengo akazunguka na debe lake, anatafuta moshi. Akaniuliza, "Mama Loyce, moto uko wapi?"

Nikamwambia, "Hakuna moto. Loyce anakwenda Mwanza kukimbia kwa niaba ya mkoa wetu. Ndoo mnazo, zipigeni."

Wakaniangalia. Nilidhani watanipiga mimi. Mwenyekiti akafungua mdomo, nikaona baraza zima linakuja ndani ya ule mdomo. Na hapo Bibi Dorkas, aliyefika wa mwisho na kuku wake kwapani, akapiga kigelegele. Kirefu, kile cha zamani. Febronia akaitikia. Mtu mmoja akageuza ndoo akaigonga, mwingine akafuata, masufuria yakaingia, majembe yakagongana, hata mbuzi wa watu wakakimbia. Abiria wakatoa vichwa madirishani kuuliza nani amekuja. Loyce alikuwa ameshapanda, amejifunika uso kwa mikono. Mwalimu Agnes akamwondoa mikono. Baba yake ndiye aliyempandishia begi kupitia dirishani, na shingoni mwa begi alikuwa ameifunga ile medali, kwa nje. Sikujua kaitoa saa ngapi nyuma ya kalenda.

Mazengo alitua debe lake. Akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anakimbia mbio gani?" Nikamwambia mita elfu tatu. Akauliza ni kama kutoka hapa mpaka wapi. Hilo ndilo swali la kwanza mwanaume wa mji huu ameuliza kuhusu mbio, nimeliweka.

Atakuwa wa ngapi huko Mwanza sijui, watakimbia Jumamosi hii. Nina wasiwasi na lile ziwa, asije akaoga. Nina wasiwasi na chakula cha kambini, na vile viatu vilivyo vikubwa. Usiku nageuka geuka mpaka Gasto ananiuliza kama ni mimi ninayekimbia. Lakini akiwa wa mwisho, akishuka hapa nitakuwepo, na ndoo yangu.

Mimi mwenyewe nimeitwa baraza la Alhamisi, kosa ni kugonga reli pasipo dharura. Nitakwenda. Nitawaambia dharura ilikuwepo, ilikuwa imesimama stesheni na begi, na wao hawakuiona. Wakitaka kunikemea wanikemee, ni haki yao. Chuma siwarudishii.

Nina ombi moja. Yule binti jirani yako wa mkuki, aliyeshuka kwenye bajaji peke yake. Hiyo asali usiimalize yote. Mmiminie kwenye kikombe, upeleke mlangoni kwake, umwambie imetoka Itigi, kwa mama mwenye mtoto wa mbio. Mwambie tumesikia kwamba alishinda.

Gasto anakusalimu, goti limevimba na halalamiki. Bibi Dorkas anakusalimu, jiko jipya limeshaezekwa, anauliza kama huko ubuyu upo. Febronia na watoto wake wanakusalimu, na Johari wa dukani. Loyce aliacha shikamoo yako kabla hajaondoka, akasema mjomba nitamwandikia mwenyewe nikifika. Mungu akuepushe na homa za ugenini, akufungulie akili darasani, akurudishe kwetu na miguu yako miwili. Siku utakayorudi tupe habari mapema. Usishuke kimya kimya behewa la nyuma. Najua chuma kilipo.

Ni mimi akupendaye, timu icheze isicheze,

Dada yako,
Yasinta
(Mama Loyce)